Fundi Avua Viatu

Viatu vilikuwa vipya, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mama Mito alivinunua mwenyewe, vyeusi vya kamba, na kwa kuwa mumewe alikuwa kazini siku hiyo, alivipima kwa ndara zake za zamani. Alisahau kwamba kisigino cha mumewe hulala nje ya ndara zile kwa upana wa vidole viwili.

"Vinabana," alisema Fundi, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Vitalegea."

"Nini?"

Mama Mito aliacha kioo, akasimama mbele yake na kumtazama usoni. "Vi-ta-le-ge-a."

"Vitalegea lini? Safari yenyewe ni leo."

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekuja kuwanyooshea nguo. Alicheka huku akipitisha pasi kwenye kola ya shati la baba yake. Shati nalo lilikuwa jipya. Kila kitu siku hiyo kilikuwa kipya isipokuwa wenye kuvaa.

Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alikuwa mtu wa injini katika boti inayowatembeza watu ziwani kila jioni. Abiria hupanda saa kumi na moja, hulitazama jua likizama, kisha hushushwa kwenye mgahawa uliojengwa juu ya nguzo ukingoni mwa maji, wakala chakula cha jioni. Miaka yote hiyo jua lilizama juu ya kichwa chake naye yuko chini, katika chumba kisicho na dirisha. Alijua limezama kwa dalili moja tu: abiria wote hukimbilia upande mmoja kupiga picha, na boti huinama kidogo. Akirudi nyumbani mkewe humuuliza, "Leo jua lilikuwaje?" naye hujibu, "Liliinama vizuri." Ulikuwa utani wao wa kila siku.

Injini ilimlipa mshahara, nayo ikajilipa kwa masikio yake. Yaliondoka kidogokidogo, kwanza la kulia, kisha la kushoto likafuata. Siku hizi mkewe akitaka kumwita chakula kikiwa tayari, hupiga mguu sakafuni mara mbili, naye huja.

"Mama," alisema binti kwa sauti ya chini, ingawa kunong'ona mbele ya baba yake hakukuwa na haja. "Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Tukishakula."

"Mbele za watu? Mama, mficha uchi hazai."

"Nyoosha shati, wewe."

Siri yenyewe ilikuwa na umri wa wiki tatu. Meneja wa boti alimwita Mama Mito ofisini, naye akaenda na futi yake ya kupimia akidhani ni habari za mito. Mito yote ya viti vya boti ile ameishona yeye, ndipo akapata jina. Meneja alimkaribisha kiti, akamwagizia soda, na soda ndiyo iliyomtia wasiwasi.

"Mama, ukweli usemwe," alianza Meneja. "Mumeo hasikii. Juzi nimemuuliza injini ikoje, amenijibu saa kumi na moja na nusu. Watu wananikabidhi roho zao. Fundi asiyeisikia injini ni fundi gani? Nimejaribu kuzungumza naye, lakini wanasema sikio la kufa halisikii dawa."

Meneja alicheka, akifurahi jinsi methali ilivyokaa mahali pake. Na Mama Mito, kwa woga, au kwa adabu, au kwa kuwa soda ya mtu ilikuwa mkononi mwake, akacheka naye. Cheko lile lilimuuma kuliko habari yenyewe. Lilimfuata jikoni, likakaa naye kwenye cherehani.

Kampuni haikutaka kumwaga mtu wake kama maganda. Angepewa barua ya kustaafu mapema, na siku ya mwisho angepanda boti kama mgeni, yeye na mkewe, kisha chakula cha jioni kwenye meza iliyo karibu kabisa na maji. Mama Mito alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Wamesema umetumika vya kutosha. Wanataka upumzike kwa heshima."

"Nimekosea wapi?" aliuliza Fundi.

"Hujakosea popote."

Basi jioni ile, njia nzima hadi gatini, Fundi akitembea kwa viatu vyake kama mtu anayekanyaga makaa, ombi la Mama Mito lilikuwa moja: mumewe amalize siku hii bila kuijua sababu. Aheshimiwe, ale, apige picha, arudi nyumbani. Ukweli angemwambia mwenyewe, siku nyingine, nyumbani kwake.

* * *

Boti ilikuwa nyeupe na safi, na Mama Mito aliipenda tangu alipoiona. Aliijua kwa vipimo tu, urefu wa kiti na upana wa benchi. Hakuwahi kuiona imewasha taa zake, imefunguliwa mapazia yake, watu wamevaa vizuri wanapanda mmoja mmoja. Aliiona mito yake, ya buluu yenye ukingo mweupe, na watu wakiikalia bila kufikiri kuna mtu aliyeishona. Hilo nalo lilimfurahisha. Mto mzuri ndio huo usiofikiriwa.

Fundi alipanda akashika njia yake ya kila siku, moja kwa moja kwenye mfuniko wa chumba cha injini. Mhudumu aliyekuwa akipokea wageni alimdaka mkono.

"Fundi! Leo juu, baba. Leo wewe ni mgeni."

"Nini?"

"Juu!" Mhudumu alionyesha kwa kidole, na watu wawili watatu wakageuka.

Walikaa upande ambao jua lingezamia. Mbele yao alikaa mwanamke mwenye kofia pana na kamera shingoni. Fundi mpya, mtu wa makamo mwenye vyeti vitatu na ovaroli ambayo haijashika mafuta, alitoka chini akaja kumwamkia mwenzake kwa heshima zote, kisha akarudi kwenye kazi yake. Meneja mwenyewe alikuwemo, na tai yake, akiwapungia watu mkono. Nahodha, aliyefanya kazi na Fundi miaka kumi na tisa, aligeuka kutoka usukanini akamwinulia kofia.

Boti ikaondoka. Mji ulirudi nyuma, mapaa yakawa madogo, na maji yakafunguka mbele yao mapana kuliko alivyowahi kuyadhania. Mama Mito alikuwa ameliona ziwa lile maisha yake yote, lakini akiwa amesimama nchi kavu. Hakujua kwamba ukiwa katikati yake rangi hubadilika kila unapopepesa macho, mara kijani, mara fedha, na kwamba upepo wake una harufu tamu. Kwa mbali jua lilikuwa limeshuka, kubwa, jekundu, halina haraka. Alisema kimoyomoyo, kumbe watu hulipia hiki. Akaona wana haki.

"Mito imekaa vizuri!" alisema Fundi.

Boti nzima ilisikia. Mwenye kofia alicheka kidogo. Mama Mito alikibonyeza kifundo cha mkono wa mumewe, ndiyo alama yao ya kwamba sauti imezidi. Fundi alitii, akaomba radhi kwa macho.

Haikupita robo saa, Mama Mito alipogeuka kumwonyesha ndege waliokuwa wakiruka karibu na maji, akamkuta ameinama. Alikuwa amefungua kamba, amevua kiatu cha kulia, na sasa anavua cha kushoto. Soksi zikafuata. Akaziweka nyayo zake mbili juu ya sitaha, nyayo pana, zenye nyufa ambazo mafuta ya miaka ishirini na miwili yalikuwa yamezifanya makazi.

"Vaa viatu!" alisema Mama Mito.

"Subiri."

"Watu wanatazama!"

Ni kweli walikuwa wakitazama. Mwenye kofia aliitazama miguu ile, kisha akausogeza mkoba wake uliokuwa sakafuni.

"Kuna kitu," alisema Fundi, kwa sauti yake ileile.

Mama Mito alibonyeza mkono. Akabonyeza tena, kwa nguvu. "Fundi, nakuomba. Leo tu. Usinitie aibu leo."

Maneno hayo Fundi aliyasoma midomoni mwake bila taabu. Alimtazama mkewe, akalitazama gauni lake alilolishona kwa usiku nne, akavuta soksi zake na kuvaa. Akafunga kamba. Akaketi wima, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyeambiwa atulie.

Mama Mito alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha. Jua lilizidi kushuka na watu wakaanza kuandaa kamera zao, lakini yeye alikuwa akimtazama mumewe. Uso ule haukuwa wa mtu aliyebanwa na viatu. Ulikuwa uso wa mtu aliyezibwa macho.

Ndipo mambo yakamjia, mambo ya nyumbani, madogo. Jinsi anavyopiga mguu jikoni naye akaja kutoka chumbani. Jinsi mumewe anavyoweka kiganja ukutani na kusema mvua imeanza, kabla yeye mwenye masikio hajaisikia juu ya bati. Mwaka jana alipita tu karibu na cherehani, akagusa meza yake, akasema, "Hii ina nati imelegea." Kwa mkewe ilikuwa ikilia kama kawaida. Aliifungua kumridhisha tu, na nati ilikuwa imelegea kweli. Kumbe wiki tatu alimchukia Meneja kwa maneno yale, na huku naye ameyaamini. Aliyaamini kuliko mwenye kuyasema, kwa maana yeye alikuwa na ushahidi wa miaka yote na hakuutumia.

Mama Mito aliondoka kwenye mto wake, akapiga magoti juu ya sitaha na gauni lake, mbele ya mwenye kofia na dunia nzima, akaanza kumfungua mumewe kamba za viatu.

* * *

Fundi alikanyaga sitaha kwa nyayo tupu. Alifumba macho. Akahamia hatua mbili nyuma, akasimama tena, akageuza kisigino kidogo, akafumbua macho.

"Shafti ya pangaboi," alisema. "Pale inapoungana na injini. Boliti zinafunguka. Zikiachia, inachomoka na kutoka kule nyuma, na maji yanaingia. Mwambieni Nahodha azime."

Sasa hakuna aliyecheka, ila Meneja alikuwa ameshafika, tabasamu lake limetangulia.

"Mzee wangu, mzee wangu. Leo wewe ni mgeni. Kaa, utazame jua." Kisha akamwita fundi mpya, na fundi mpya akatokeza kichwa kwenye mfuniko.

"Injini ikoje?"

"Naisikia vizuri kabisa, bosi. Joto sawa, mlio sawa."

"Umeona, mama?" Meneja aliinama, akamsogelea Mama Mito sikioni. "Hali yake unaijua. Tulizungumza. Mtulize, tafadhali, usimfanye aaibike."

Hapo Mama Mito angeweza kumtuliza. Kubonyeza mkono mara moja tu kungetosha. Mume angekaa, jua lingezama, siri ingelala salama nyumbani kwake. Aliutazama mkono wa mumewe na hakuugusa. Aliinuka, akageuka ili Fundi amwone midomo, akasema kwa sauti iliyomfanya hata mwenye kofia aishushe kamera yake.

"Ndiyo, hasikii! Mume wangu masikio yamekufa, na ndiyo maana mnamfukuza, mkaniita ofisini mkanipa soda. Mimi nikaenda kumwambia ni heshima. Lakini injini hii yeye haisikii kwa masikio, anaisikia kwa nyayo! Nahodha, zima!"

Injini ilikuwa bado inanguruma. Fundi alikuwa akimtazama mkewe tu.

"Wamesema hivyo? Kwamba sisikii?"

"Ndiyo."

"Si umri?"

"Si umri."

"Wiki tatu hizi zote?"

Mama Mito alitikisa kichwa kukubali.

Fundi aliyameza hayo, na yalionekana yakishuka. "Tutazungumza," alisema. "Lete tochi."

Wakati huo Nahodha hakuwa amesubiri ruhusa ya mtu. Alizima injini.

Walishuka watatu, mafundi wawili na Mama Mito. Fundi mpya alifungua kifuniko cha shafti, akamulika, akasema neno lisilosemwa mbele ya akina mama. Boliti zilikuwa nne. Mbili zilikuwa zimedondoka zamani na kulala kwenye mafuta chini. Ya tatu aliizungusha kwa kidole. Ya nne ndiyo iliyobeba boti, mito, watu arobaini na mmoja na kamera zao, nayo ilikuwa imebakiza mizunguko miwili.

"Mzee, mimi nilikuwa nasikiliza," alisema fundi mpya, na jasho lilimtoka. "Wallahi nilikuwa nasikiliza."

Fundi hakumsikia, au alimsikia. Alimshika mkono, akauweka juu ya kasha la gia, akampitishia kidole taratibu. "Kesho, ikiwa inazunguka, weka hapa. Ukihisi inakutekenya, ni nzima. Ukihisi inakugonga, zima." Kisha akaomba spana.

Kazi ilichukua muda. Mafundi wawili walilala kifudifudi, mmoja kwa shati jipya lililonyooshwa na mwalimu, na Mama Mito akashika tochi, gauni limekunjwa magotini. Kulikuwa na joto na harufu ya dizeli. Hapa ndipo alipokuwa akiishi mumewe, alifikiri, katika chumba kidogo kuliko jiko lao, na kila chombo kimetundikwa mahali pake, kimefutwa, spana ndogo hadi kubwa. Hakuna abiria ambaye angekuja kuziona. Alijiona mwenye bahati kuwa mke wa mtu aliyezipanga vile.

Juu yao vishindo vya miguu vilipita, vingi kwa pamoja, kuelekea upande mmoja. Boti ikainama kidogo.

"Limezama," alisema Fundi, bila kuinua kichwa.

* * *

Meza ilikuwa kweli karibu na maji. Ungeweza kunyoosha mkono ukayagusa. Taa za mgahawa zilining'inia juu ya nguzo na zikajirudia chini, na kitambaa cha meza kilikuwa cheupe kiasi kwamba Fundi aliificha mikono yake chini yake, mpaka Mama Mito alipoivuta na kuiweka juu. Alama nne nyeusi zikabaki kwenye kitambaa. Mhudumu aliziona, akaleta samaki, mkate na supu, akaiweka sahani ya mkate pembeni ili zisifunikwe.

Walikula kidogo kwanza. Njaa haina kiburi.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Fundi. Alijitahidi kupunguza sauti.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Mama Mito aliutengeneza uso wake ili aseme vizuri. "Kwamba ni kweli."

"Ni kweli," alisema Fundi. "Sisikii. Hata ukiimba sisikii, na zamani ulikuwa ukiimba ukishona. Lakini wewe ndiye masikio yangu, mke wangu. Ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na wewe, mimi nitaisikia dunia kwa nani?"

Mama Mito alilia pale pale, juu ya samaki, bila kujificha. Fundi alimpa kitambaa cha mkono, naye akajifuta kwa kile, na mafuta ya injini yakampaka shavuni.

Mwenye kofia alipita mezani kwao. Alisimama, akainama akampa Fundi mkono, na Fundi aliposita kwa sababu ya mafuta, mwanamke yule aliushika mkono wake kwa nguvu, kwa mikono miwili.

Kisha Meneja akasimama katikati ya mgahawa na kugonga glasi. Alikuwa na hotuba iliyoandikwa, kurasa mbili, na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Mama Mito alijua ndani mna nini, maana karani wa ofisi alikwisha kumdokeza: redio. Meneja aliitazama hotuba, akaitazama zawadi, akaikumbuka ni nini, na shingo yake ikabadilika rangi juu ya tai. Aliikunja hotuba. Zawadi aliisukuma chini ya kiti kwa mguu. Akaanza kusema taratibu, macho yakiwa sakafuni, na kwa hiyo midomo yake haikuonekana.

"Anasemaje?" aliuliza Fundi.

Kwa miaka mingi Mama Mito alikuwa akimtafsiria dunia na kuiongezea sukari. Safari hii hakuongeza.

"Anasema hakulala vizuri wiki hizi. Sijui kama ni kweli. Anasema barua ile irudi ofisini. Ubaki miezi sita, umfundishe fundi mpya, mshahara uleule. Baada ya hapo mtazungumza."

"Na masikio yangu?"

"Hajayataja."

"Ameomba radhi?"

Mama Mito alisikiliza. "Anaizungukazunguka."

Fundi alitafuna mkate wake, akameza. Mgahawa mzima ulikuwa ukimngoja. Fundi mpya alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli yake, ambayo sasa ilikuwa imeshika mafuta, akimtazama kwa macho ya kuomba.

"Mwambie sawa," alisema Fundi, na sauti ikapanda yenyewe, ikapita meza zote, ikatoka juu ya maji. "Lakini kesho siji kazini! Kesho napanda juu, mimi na mke wangu! Jua la leo hatukuliona, tulikuwa kazini!"

Vidole vya Mama Mito vilikuwa vimeshakaa kwenye kifundo cha mkono wake, kwa mazoea. Vilikaa hapo, na havikubonyeza.